Paa la kunyanyua la Hiace linalia njia nzima Tanga hadi Pangani, mafundi njooni

#1 BintiRaskazone
Wakuu, habari za jioni. Nina Hiace ya mwaka 1998 niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akipeleka wageni kambi. Ndani ina kitanda, kabati na sinki, na juu walikata bati wakaweka paa la kunyanyua la faibaglasi, lile wengine mnaliita popapu. Bawaba ziko nyuma, mbele linainuka kwa shokapu mbili za gesi, pembeni turubai. Likilala linashikwa mbele na makomeo mawili ya kuvuta, moja kulia, moja kushoto.

Shida ni mlio. Nikitoka Raskazone alfajiri kimya kabisa. Ikifika saa tano jua limekolea, linaanza "nyiii, nyiii, kwich!" kila tairi likiingia shimoni au nikikata kona. Masikio yangu yanasema ni juu ya abiria wa mbele, upande wa kushoto. Usiku likiwa limenyanyuliwa kuna mlio mwingine: anayelala juu akigeuka tu, mbao zinalia mpaka wa chini anaamka.

Mafundi watatu wameshaligusa. Wa kwanza alikaza makomeo, wa pili akapaka grisi kwenye raba, wa tatu akaniambia ndivyo lilivyo gari lililokatwa paa, nizoee. Sizoei. Wiki mbili zijazo nina familia ya kuipeleka Saadani kwa njia ya Pangani, na sitaki watoto wakae njia nzima wanatazama juu wakidhani paa linang'oka. Mlio huu unatoka wapi?

#2 FundiChumbageni
Dada, aliyepaka grisi kwenye raba amekuharibia. Grisi ni mafuta ya petroli, na raba ikinywa mafuta hayo inavimba, inalegea, kisha inanata. Raba inayonata ndiyo inayolia. Paa linataka kuteleza kidogo juu ya raba, raba inalishika, inavutika, inaachia ghafla, inalishika tena. Shika-achia hiyo mara mamia kwa sekunde ndiyo "nyiii" yako. Osha raba yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kausha, halafu paka silikoni ya kupuliza. Kazi ya nusu saa.

#3 DerevaWaSegera
Naunga mkono #2. Ukikosa silikoni paka mafuta ya mgando, kila duka yapo.

#4 FundiChumbageni
@DerevaWaSegera hapana ndugu yangu. Mafuta ya mgando nayo ni petroli hiyohiyo. Utampa mgonjwa sumu ileile kwa kijiko kingine.

#5 DadaMfamasia
Badala yake aende duka la dawa achukue glycerini, ile ya kupaka miguu iliyopasuka. Haiumizi raba. Mimi naipaka raba za milango ya gari langu tangu masika yaliyopita na hazijakakamaa.

#6 KakaMikanjuni
Glycerini inavuta unyevu na vumbi, dada. Njia ya Pangani vipande vya vumbi vikikukuta, raba itakuwa msasa. Hapo atasikia mlio mpya.

#7 MsambaaWaSoni
Mnakimbilia raba wote. Nisikilizeni mimi ninayepanda na kushuka Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33 za kona tupu. Bodi ya Hiace haina fremu kamili chini kama Land Cruiser, nguvu yake iko kwenye bati lenyewe, na bati la juu ndilo linalofunga boksi. Ukilikata tundu la mita mbili juu, boksi linakuwa sanduku lisilo na kifuniko. Likamate pembe mbili ulipinde uone. Nilikuwa na gari la namna hiyo: likipanda tuta kwa tairi moja, mlango wa kusukuma ulikuwa haufungi mpaka lirudi kwenye usawa. Fundi mzuri akikata paa anazungushia fremu ya chuma ndani ya tundu, anaichomelea kwenye nguzo. Muulize dada kama fremu ipo. Kama haipo, mtapaka glycerini mpaka duka liishiwe.

#8 BintiRaskazone
Ahsanteni wote. @MsambaaWaSoni nimefungua kitambaa cha dari leo. Kuna bomba za mraba mbele na nyuma ya tundu. Pembeni sioni bomba, naona bati limekunjwa tu.

#9 MsambaaWaSoni
Jibu lako hilo hapo.

#10 FundiChumbageni
Si jibu. Kukunja bati pembeni kunaongeza nguvu, inategemea unene na kina cha mkunjo. Na bodi ikipinda, kwa nini ipinde mchana tu na asubuhi isipinde? Mashimo ya saa kumi na mbili ni yaleyale ya saa sita. Hilo la saa ndilo la kufuatilia.

#11 MstaafuReli
Watoto wangu, nipeni nafasi. Nimefanya kazi ya njia ya reli, hii iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ikafika Mombo 1905. Somo la kwanza tulilopewa lilikuwa joto. Zamani tuliacha nafasi kati ya kipande cha reli na kipande, kwa sababu chuma kikipata jua kinarefuka. Mita 1 ya chuma, joto likipanda nyuzi 1, inaongezeka kama milimita 0.012. Alumini inaongezeka karibu mara mbili, 0.023. Sasa chukueni paa la mita 2.5, jua lipandishe joto lake nyuzi 30. Bodi ya chuma inarefuka milimita 0.9, paa la alumini 1.7. Tofauti ni karibu milimita moja, na imefungwa bawaba nyuma na makomeo mbele. Itakwenda wapi? Inasukuma, inakwama, inaachia. Huo ndio mlio wa mchana.

#12 KakaMikanjuni
Shikamoo mzee. Hesabu tamu, ila dada amesema tangu mwanzo ni faibaglasi, si alumini.

#13 MstaafuReli
Marahaba. Kweli nimepitiwa, macho haya. Lakini faibaglasi ya kawaida ya mkeka na rezini, ile gundi inayogandisha nyuzi, nayo hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo hoja yangu haianguki, inapungua tu. Halafu ahakikishe kama kweli ni faibaglasi. Aweke sumaku.

#14 DerevaWaSegera
Mzee, sumaku haishiki alumini wala faibaglasi. Haitamwambia kitu.

#15 MstaafuReli
Basi agonge kwa kucha. Alumini inalia kama sufuria, faibaglasi inalia kama ndoo ya plastiki.

#16 BintiRaskazone
Ndoo ya plastiki, mzee wangu. Na pembeni pamechubuka, nyuzi nyeupe zinaonekana.

#17 MtangaHamburg
Salamu kutoka Hamburg, mtoto wa Makorora hapa. Huku magari ya kulala yenye paa la kunyanyua ni mengi. Ile Volkswagen California ya kuanzia 2003 ina paa la alumini, za zamani zaidi nyingi ni faibaglasi, na wote wanalalamikia milio. Wenyeji wana kijiti cha mafuta ya mnyama anayefanana na paa wa porini, wanapaka raba za milango kabla ya baridi zisigande. Wengine wanapaka na raba ya paa la gari.

#18 DadaMfamasia
Yaani mafuta ya paa wapake raba ya paa! Kaka umenichekesha leo.

#19 KuliWaBandari
Sisi wa Tanga paa wetu yuko Saadani na haguswi, sheria itakukamata kabla ya mlio kuisha. Afadhali mafuta ya mbuzi.

#20 FundiChumbageni
Tuache mbuzi. @BintiRaskazone fanya jaribio la maji. Mchana mlio ukiwa umepamba moto, simama, mwagia maji raba yote kuzunguka paa, endelea na safari. Ukinyamaza, ni raba. Usiponyamaza, tutafute kwingine.

#21 NahodhaMstaafu
Mwanangu Binti, mimi si fundi wa magari, nimekula chumvi kwenye majahazi, Tanga, Pemba, Lamu. Jambo moja nakupa. Chombo kikilia, usiamini sikio lako kuhusu mahali. Mbao hubeba sauti. Utasikia kilio omoni, mbele, kumbe kiungo kilichoachia kiko shetri, nyuma. Tulichukua fimbo ngumu, ncha moja kwenye ubao, ncha nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, tukapita kiungo kwa kiungo mpaka fimbo yenyewe inakupigia kelele kichwani. Hapo ndipo unapeleka kalafati, pamba ya kuzibia. Mtafute mtu aendeshe, wewe kaa nyuma na fimbo. Usiendeshe huku unatafuta, utaingia mtaroni.

#22 MsambaaWaSoni
Shikamoo nahodha. Hii nimeiandika.

#23 BabaWawili
Nami naleta kisa. Gari la kazini lilikuwa na paa kama hilo, tukahangaika miezi kwa paa. Mwisho ikaonekana ni bolti ya mkanda wa siti, juu kwenye nguzo ya kushoto. Ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Spana moja, kimya. Kushoto mbele, dada, kama unavyosema wewe.

#24 DerevaWaSegera
Na mlango wa kusukuma? Uko kushoto huohuo. Reli yake ya juu ikichakaa, roli inacheza, unasikia kama dari. Tena bushi za springi za nyuma zikikauka utaapa kelele inatoka mbinguni. Huyu dada hajawahi kutuambia kama mlio upo paa likiwa limefunguliwa makomeo au la.

#25 KakaMikanjuni
Asije akaendesha makomeo yakiwa wazi tafadhali! Paa linalofungukia mbele linapokea upepo kama tanga. Kilomita 60 kwa saa linainuka, bawaba zinang'oka. Jaribio hilo lifanyike uwanjani, mwendo wa mtu anayetembea, na mtu analishika kwa kamba.

#26 DerevaWaSegera
Sahihi, sikufafanua. Mwendo wa mguu tu, uwanjani.

#27 BintiRaskazone
Wakuu nimerudi na ripoti. Jana saa saba mchana nilikwenda mpaka Tongoni na kurudi, mdogo wangu anaendesha, mimi nyuma na mpini wa fagio kama alivyosema Nahodha. Kwanza, bolti za mikanda zote nimezikaza, moja ilikuwa imelegea kweli, mlio haukubadilika. Pili, mlango wa kusukuma nimeubana kwa vipande vya godoro juu na chini, haukubadilika. Tatu, maji. Tulisimama chini ya minazi, nikamwaga ndoo nzima kwenye raba. Wakuu, kimya! Kama dakika kumi na tano hakuna hata "nyi". Halafu raba ilipokauka, ukaanza taratibu, ukarudi wote.

#28 FundiChumbageni
Nilisema. Raba. Tufunge uzi.

#29 MstaafuReli
Usifunge, kijana. Ndoo ya maji imelowesha raba, ndiyo. Lakini imelipoza na paa. Paa likipoa linarudi urefu wake, msukumo unaisha, mlio unaisha. Likipata jua tena dakika kumi na tano, linarefuka, mlio unarudi. Jaribio lako limethibitisha hoja yangu kama lilivyothibitisha yako.

#30 MsambaaWaSoni
Hapo mzee kampiga fundi bao safi.

#31 FundiChumbageni
Nakubali hoja ni nzito. Lakini asubuhi paa ni la baridi na raba...

#32 DadaMfamasia
...na raba ina umande! Tanga hii asubuhi gari lote limelowa. Kwa hiyo hata ukimya wa alfajiri hautuambii kama ni unyevu au ni ubaridi. Vyote viwili vinakuja pamoja na kuondoka pamoja.

#33 KakaMikanjuni
Ongezeni na shokapu za gesi kwenye hesabu. Gesi ndani ya shokapu ikipata joto inaongezeka nguvu. Kutoka nyuzi 25 asubuhi hadi 60 chini ya paa mchana, msukumo unapanda zaidi ya asilimia 10. Likiwa limefungwa, shokapu zinasukuma paa juu muda wote na makomeo ndiyo yanayozuia. Mchana makomeo yanavutwa zaidi, komeo legevu linaanza kucheza. Nalo jambo hili linapoa kwa ndoo ya maji. Sasa tuna wezi watatu wanaotembea saa moja.

#34 DadaMfamasia
Basi litafutwe jaribio linalogusa raba bila kupoza kitu. Poda ya mtoto. Ni kavu, haipozi paa. Saa saba mchana, jua kali, fungua paa, paka poda raba yote kwa sponji, funga, endesha. Poda ikinyamazisha, mwizi ni raba na mzee wa reli atatuwia radhi. Isiponyamazisha, tumsikilize mzee.

#35 MstaafuReli
Mwanangu, hilo ni jaribio la haki. Nakaa nasubiri.

#36 FundiChumbageni
Na ukishapaka poda ukafungua tena, angalia raba. Palipobaki peupe hapaguswi. Palipobanwa vizuri poda imelala bapa. Palipochubuka na kung'aa cheusi ndipo paa linapokwaruza. Halafu jaribio la karatasi: kata vipande vya gazeti, funga paa juu yake kila baada ya shubiri mbili, vuta kimoja kimoja. Kitakachotoka bila kukataa kinaonyesha komeo halibani.

#37 KuliWaBandari
Naona dada atatumia gazeti, poda, fagio, godoro. Bado pilau tu.

#38 BintiRaskazone
Poda nimepaka leo saa saba na nusu. Nimeipitisha mwenyewe kwa kidole, sentimita kwa sentimita, mpaka mikono ikawa kama ya mpika maandazi. Njia ileile ya Tongoni. Matokeo: ule mlio mrefu wa "nyiii" UMEKWISHA. Lakini chini yake kumbe kulikuwa na mwingine ambao "nyiii" ilikuwa inaufunika. Ni "tik", mkavu, mmoja mmoja, gari likijipinda kwenye kona au likipanda bega la barabara.

Nilipofungua: raba ya nyuma na pembeni poda imelala vizuri. Mbele kushoto, kipande kama cha urefu wa mkono, poda yote imeondoka na raba inang'aa kama kiatu. Mbele kulia sawa. Karatasi: za nyuma zinachanika ukizivuta. Za mbele kulia zinakataa. Za mbele kushoto zinatoka kama barua kwenye bahasha.

Halafu hili: nimeweka kidole gumba kwenye bolti ya kitako cha komeo la kushoto, mdogo wangu akawa anapandisha tairi la nyuma kwenye tofali na kulishusha. Kila akipanda, nausikia "tik" chini ya kidole. Bolti haizunguki kwa mkono. Lakini ukitazama karibu, kuna mstari mwembamba wa unga mweusi pembeni ya washa, kile kipete cha chini ya bolti, na faibaglasi chini ya washa imebonyea.

#39 FundiChumbageni
Kazi nzuri sana dada. Unga huo ni chuma kinachosugua. Washa ni ndogo, imezama kwenye faibaglasi, kitako cha komeo kinacheza robo ya milimita. Aliyekaza makomeo mara ya kwanza alikaza mkono wa komeo, hakugusa kitako. Toa bolti, weka bati pana ndani kama la kiganja, unene milimita 3, na jingine nje, rudishia na nati za kujifunga. Tundu likiwa limepanuka, lijazwe rezini kwanza, likauke, lichimbwe upya.

#40 MtangaHamburg
Bati hilo liwe la chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, na katikati yake na chochote cha alumini weka washa ya nailoni. Kwa chumvi ya Raskazone, pua ikigusana na alumini, alumini inaliwa na kuota unga mweupe. Huku wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, nimeona mapaa yaliyotoboka namna hiyo.

#41 KakaMikanjuni
Narudia: kwa nini kushoto tu? Pima shokapu. Huenda ya kushoto ni mpya na ya kulia imechoka, au ni za nguvu tofauti. Nguvu yake imeandikwa kwenye mwili wa shokapu kwa nyutoni (N), soma zote mbili. Zikipishana, paa linapinda na komeo la kushoto linateseka peke yake. Na angalia zimefungwa upande gani. Paa likilala, fimbo inayong'aa inatakiwa iangalie chini, ili mafuta ya ndani yakae kwenye sili, raba inayozuia gesi isitoke. Ikifungwa kinyume, sili inakauka na gesi inavuja.

#42 BintiRaskazone
Ya kushoto imeandikwa 450 N. Ya kulia karatasi yake imefutika kwa jua, haisomeki. Fimbo zote zinaangalia chini.

#43 KakaMikanjuni
Zitoe, zisimamishe sakafuni moja moja, zikandamize kwa uzito wako kwenye mizani ya bafuni. 450 N ni kama kilo 46. Uone ya kulia inaonyesha ngapi inapoanza kuingia. Ushike vizuri isikuteleze. Na kabla ya kutoa lolote, paa liegemezwe kwa mbao mbili, usiweke kichwa chini yake.

#44 MsambaaWaSoni
Na mimi sijashindwa. "Tik" inakuja bodi ikijipinda, amesema mwenyewe: tairi kwenye tofali. Komeo ni mahali inaposikika, sababu ni tundu. Chukua tepu, pima tundu pembe kwa pembe, mistari miwili ya msalaba, gari likiwa kwenye usawa. Halafu pandisha tairi moja la nyuma, pima tena.

#45 BintiRaskazone
Nimepima. Kwenye usawa misalaba yote miwili ni sawa. Tairi la nyuma kulia likiwa juu ya matofali mawili, msalaba mmoja umeongezeka milimita 4.

#46 MsambaaWaSoni
Milimita 4! Wekeni fremu.

#47 FundiChumbageni
Gari lolote hujipinda, hata jipya. Ungepima na Hiace isiyokatwa kwenye fremu ya mlango, ungeona nayo ina zake. Milimita 4 bila cha kulinganisha si hukumu. Kuchomelea bomba kando ya rezini na turubai ni hatari ya moto, na bati jembamba likipata joto la kuchomelea linajikunja. Wiki moja kabla ya safari mimi singethubutu.

#48 MstaafuReli
Mimi nimekwishakiri kwa "nyiii": poda imenishinda, ilikuwa raba. Kwa "tik" bado nasema joto lina mkono wake. Binti, "tik" iko asubuhi?

#49 BintiRaskazone
Mzee, leo alfajiri nimejaribu na matofali. Ipo, ila kwa shida, lazima nipandishe mawili. Mchana moja linatosha.

#50 MstaafuReli
Ahaa.

#51 FundiChumbageni
Mzee, hiyo ni shokapu ya KakaMikanjuni pia, si joto la reli tu.

#52 KakaMikanjuni
Naam, ni yangu hiyo.

#53 DadaMfamasia
Jamani, na mlio wa usiku? Wageni wake watalala juu.

#54 NahodhaMstaafu
Wa usiku ni mbao juu ya mbao, huo ni wangu. Plaiwudi ya kitanda inakaa juu ya papi au bomba?

#55 BintiRaskazone
Shikamoo nahodha. Inakaa kwenye papi za mbao, imepigwa misumari.

#56 NahodhaMstaafu
Marahaba mwanangu. Msumari ndio unaolia. Mbao za Tanga zinakunywa unyevu usiku na kukauka mchana, msumari unabaki palepale, tundu linapanuka, ubao unapanda na kushuka juu ya msumari. Ng'oa yote, weka skrubu. Kati ya papi na plaiwudi tandika ukanda wa blanketi kuukuu, na kingo zinazogusana zisugue kwa mshumaa. Sisi chomboni tungepaka sifa, lakini hiyo harufu ya mafuta ya papa wageni wako hawataisamehe.

#57 KuliWaBandari
Watashuka wenyewe wakalale na fisi.

#58 DerevaWaSegera
Mimi kwangu nilifunga kitanda kwa kamba ya katani, mkonge wetu wenyewe, badala ya skrubu. Kimya mpaka leo.

#59 NahodhaMstaafu
Kamba ya katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea. Itakubidi uikaze kila kiangazi. Si mbaya, ila ujue.

#60 BintiRaskazone
Ripoti ya mwisho kabla ya safari. Kitanda: misumari 22 imetoka, skrubu na blanketi zimeingia, mshumaa mzima umeisha. Jana usiku nimelala juu mwenyewe na mdogo wangu, tumegeuka makusudi, kimya kabisa. Nahodha, Mungu akuzidishie umri.

Raba nimeiosha grisi yote, maji yalitoka meusi mara tatu, nimepaka silikoni. "Nyiii" hakuna. Kitako cha komeo la kushoto kimepata mabati mawili ya pua na nati za kujifunga. Karatasi ya mbele kushoto sasa inakataa, lakini si kama ya kulia. Mizani: shokapu ya kushoto inaanza kuingia kwenye kilo 45, ya kulia 31.

"Tik" imepungua sana. Sasa haipo mbele. Ipo nyuma, karibu na bawaba ya kushoto, na inatokea nikipandisha matofali mawili tu.

#61 KakaMikanjuni
31! Ya kulia imekufa. Nunua mbili mpya zinazolingana, usichanganye mpya na ya zamani.

#62 MsambaaWaSoni
Imehama mbele ikaenda nyuma. Bodi inajipinda, ukiziba hapa inatokea kule. Ukirudi Saadani tuzungumze fremu.

#63 FundiChumbageni
Au mbele sasa pameshikwa vizuri, mzigo umehamia bawaba ambayo nayo ina washa ndogo ileile. Dada, fungua kitambaa cha nyuma, weka kidole kwenye bolti za bawaba, angalia unga mweusi.

#64 BintiRaskazone
Giza limeingia, nitafungua kesho asubuhi. Bolti zinaonekana kwa nje, kila bawaba ina tatu, spana namba 13.

#65 FundiChumbageni
Kesho saa tatu napita Ngamiani kwenye maduka ya vyuma. Nipimie upana wa bawaba kwa rula usiku huu, nikukatie mabati ya huko nyuma kabisa.

#66 BintiRaskazone
Sentimita 6 kwa 4, mkuu. Zote mbili.